Unene, Uvivu na Irada: Dokta Awajibu Wasomaji wa Lubumbashi

Dokta, mimi na dada yangu tumezaliwa tumbo moja, na hapa mtaani Katuba twala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo katika sahani moja. Yeye ni mwembamba, mimi nazidi kunenepa mwaka hata mwaka, na mume wangu asema ni uvivu. Je, ni kweli?

Mama, neno hilo silikubali, wala silipendi litamkwe mbele ya mgonjwa. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake wa Kanada walitoa habari za jozi 12 za vijana mapacha wa kufanana, ambao kwa siku 84 walilishwa kila siku kalori 1,000 kupita haja yao. Na ingawa kipimo kilikuwa kimoja kwa wote, aliyeongezeka kidogo aliongezeka kilo 4 na ushei, na aliyeongezeka sana kilo 13, kila mmoja akifanana na pacha wake kuliko alivyofanana na wengine. Kuzaliwa tumbo moja si kurithi mamoja, na mume wako aambiwe hivyo.

Dokta, babu yangu alikwenda kwa miguu kila alfajiri kufanya kazi chini ya lile bomba kubwa la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines. Mimi pikipiki hunichukua mlangoni na kunishusha ofisini. Nikianza kukimbia, kitambi kitaondoka?

Kitapungua kidogo, tena kidogo kuliko utarajiavyo. Wahadza wa Tanzania, waishio karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, hutembea mwendo ambao sisi wa mjini hatuukaribii. Lakini Herman Pontzer na wenzake walipopima nguvu ambazo miili yao huteketeza kwa siku, wakatangaza mwaka 2012 kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, hazizidi zile za mtu wa Marekani akaaye kitini. Mwili ni bahili: ukitumia zaidi mahali pamoja, hubana pengine. Aghalabu, basi, kitambi chatoka zaidi katika sahani, kwa maana babu yako alikula mlima wake wa bukari akaishia hapo, nawe waula mlima uleule, ukaufuatishia soda na pombe.

Hata hivyo, kimbia, au tembea kwa haraka dakika 150 kwa juma. Mwaka 1953 Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya London, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva wenzao waliokaa. Moyo hufaidika hata mizani isiposogea.

Basi irada haina kazi?

Ina kazi, ila imetwikwa mzigo usio wake. Mwaka 1945, huko Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi 6 vijana 36 waliojitolea, watu waliokuwa wamekataa kushika silaha vitani kwa ajili ya dini na dhamiri, ambao hapana awezaye kuwaita dhaifu wa irada. Nao wakaota vyakula, wengine wakavunja sharti kwa siri, na walipoachiwa wakala pasipo kushiba. Sababu mojawapo ilidhihirika mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walipogundua jeni ya leptini, homoni itokayo katika mafuta yenyewe kuujulisha ubongo kiasi cha akiba: mafuta yakipungua, ubongo hudhani njaa imeingia nchini, ukaichochea hamu. Kwa hiyo irada itumie sokoni, kabla njaa haijafika; kisicholetwa nyumbani hakina haja ya kupiganwa nacho usiku.

Mdogo wangu anywa vidonge vya sokoni ili anenepe, apate kupendeza. Nimwache?

Usimwache. Baadhi ya vidonge hivyo ni deksametazoni, ambayo huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha mifupa. Lakini ikiwa amevinywa majuma mengi, asiviache ghafla, kwa kuwa mwili wake huenda umesahau kujitengenezea kotisoli, homoni ambayo dawa hiyo huiiga. Mlete kwa dokta upesi, pamoja na vidonge vyenyewe.