Mawe ya Ukumbusho

Somo la Wiki
Masomo: Yoshua 4:1-9, Yohana 4:35-38, 1 Wakorintho 3:6-9

Wiki hii nataka tusome Yoshua 4 pamoja, lakini kwanza nitubu mbele yenu.

Nilipookoka nilikuwa kijana mwenye moto. Mwaitu alikuwa muumini wa kanisa la zamani, lile la wamisionari, upande wa Nzaui alikozaliwa. Nikamwambia wazi: mama, hilo kanisa lenu limekufa, hapo ni kuimba nyimbo za kitabu na kurudi nyumbani. Alinisikiliza tu, kisha akasema, “Mwanangu, mimi nitakuombea.” Tangu siku hiyo sikuingia tena kwenye kanisa lake. Niliingia siku moja tu, siku ya mazishi yake.

Mwaka jana nilikuwa na safari ya Mombasa. Nilipanda basi hapa Malili, na wakati wa kurudi nikashuka Mazeras, nikachukua bodaboda hadi Rabai. Nilitaka tu kuona mahali ambapo injili ilianzia, maana watu huwa wanapataja. Pale, kati ya minazi, kuna kanisa la kale la Mtakatifu Paulo, na kuna makumbusho ya Krapf yanayotunzwa na Makumbusho ya Taifa. Hakuna spika, hakuna kinanda. Nilikaa kimya, na kwa mara ya kwanza nikafikiria bei iliyolipwa.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mke wake Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Wengine tungefunga mizigo. Yeye alibaki, na mwaka 1846 akaanza kazi Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Rebmann alikaa hadi 1875 bila kurudi kwao Ulaya, na alipoondoka alikuwa kipofu. Na mavuno je? Machache sana. Mmoja wa watu wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, mtu mlemavu. Kwa hesabu zetu za mikutano ya injili, tungesema huduma imeshindwa.

Lakini sikilizeni hili, watu wa Ukambani. Mwaka 1849 Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa. Mwaka 1850 Injili ya Marko ilichapishwa kwa Kikamba, kazi ya huyo Krapf. Huku kwetu hapakuwa na kanisa hata moja! Miaka 45 ilipita ndipo Peter Cameron Scott na wenzake wakafungua kituo Nzaui, mwaka 1895. Desemba 1896 Scott akafa kwa homa. Wenzake wengi wakafa au wakarudi makwao, hata ikafika wakati alibaki mmoja tu.

Nzaui! Kwa kina mama. Imani niliyoiita mfu ilipandwa na watu waliokufa wakiipanda. Na Biblia yake ya Kikamba, ile yenye mistari ya penseli kila ukurasa, ndiyo niliyosomewa nikiwa mtoto. Mhubiri aliponiita mbele, nilikuwa tayari najua anamsema Yesu gani. Nani alinifundisha? Ni mwaitu.

Tujifunze mambo matatu.

1. Mawe yana kazi. Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Mtoto wako akikuuliza injili ilifikaje Makueni, utamwambia nini? Ama utasema ilianza na mchungaji wetu?

2. Tunavuna tusipopanda. Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba wengine walifanya kazi ngumu, nao wakaingia katika taabu ya hao. Paulo naye anasema apandaye na atiaye maji ni kitu kimoja, mkuzaji ni Mungu. Kwa hivyo hakuna nafasi ya kudharau. Hata moto wa Kipentekoste haukuanguka mahali pasipo na kuni. Uamsho wa Wales wa 1904, uliowatia moyo watu wengi kabla ya Azusa Street mwaka 1906, uliwaka katika makanisa madogo yaliyokuwa yamesimama miaka mingi.

3. Jengo haliokoi. Katika Yeremia 7:4 watu walilitegemea hekalu huku maisha yao yameharibika. Jiwe linatukumbusha Mungu. Haliwezi kuchukua nafasi yake. Hata hema letu la mabati laweza kuwa sanamu, wapendwa. Ukipita kwenye kanisa la kale, usiabudu ukuta wala usiucheke. Uliza Mungu alitenda nini pale.

Niliporudi, Jumapili moja niliomba ruhusa kwa mchungaji nikaenda kanisani kwa mama. Nilikaa kwenye benchi aliyokuwa akikaa. Mzee mmoja akanishika mkono akaniambia, “Mama yako alikuwa anakutaja hapa kila Jumatano kwenye maombi.” Nililia. Nilikuwa nimechelewa kumwomba msamaha. Wewe ambaye mama yako bado yuko, usichelewe.

Kazi ya wiki: Mtembelee mzee mmoja aliyeokoka kabla yako, wa kanisa lolote. Muulize nani alimletea injili. Andika majina hayo, uyalete kwenye ushirika wa nyumbani.

Tuombe: Baba, tusamehe kiburi chetu. Asante kwa waliopanda kwa machozi. Tupe neema ya kupanda hata tusipoyaona mavuno. Katika jina la Yesu, Amina.