Somo la Robo Hii: Redio Ndogo ya Kulinda Tenki la Maji



Wapendwa wanakamati na wafadhili wetu, vijana wengi siku hizi wanajifunza kutumia maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kipande kimoja inayopangiwa kazi moja na kuifanya usiku na mchana. Somo hili linaeleza jinsi ya kuiongezea redio ya bei nafuu ili itume habari bila waya wala vocha, na mambo ambayo kamati inapaswa kuyadai kabla ya kutoa fedha.

Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano unaoweza kutokea katika vijiji vya Kata ya Ipililo na kwingineko Simiyu. Kisima na pampu viko bondeni, tenki liko mlimani. Mwendesha pampu halioni tenki. Akichelewa kuzima, maji yanamwagika na dizeli inapotea. Akichelewa kuwasha, akina mama wanakuta bomba kavu na kurudi kwenye madimbwi wanakonywa ng'ombe.

Vifaa

Ndani ya tenki huwekwa swichi ya boya, inayofunga au kufungua maji yanapopanda au kushuka. Maikrokontrola, kwa mfano Arduino iliyoanzia Italia mwaka 2005, huisoma swichi hiyo na kuipa moduli ya redio ujumbe. Bondeni kifaa cha pili hupokea na kuwasha taa: kijani tenki limejaa, nyekundu linakauka. Cha mlimani hutumia betri na paneli ndogo ya sola.

Moduli zinazotumika sana ni za aina tatu:

1. Moduli rahisi ya 433 MHz. Ni ya bei ndogo kabisa, lakini hutuma upande mmoja tu. Kipokezi chake husikia kelele hata pasipo ujumbe, hivyo kila ujumbe uwe na namba ya kuhakiki.
2. nRF24L01 ya 2.4 GHz. Hutuma na pia hujibu kwamba ujumbe umefika. Inafaa ndani ya eneo la parokia au zahanati. Ipewe umeme wa volti 3.3, ikipewa volti 5 inaungua.
3. LoRa. Hutuma polepole, na kwa sababu hiyo husikika mbali, hata kilomita kadhaa pakiwa wazi. Bei yake iko juu kidogo, lakini ndiyo inayofaa tenki la mlimani.

Antena

Wengi hulaumu moduli kumbe kosa ni antena. Mawimbi huenda mita milioni 300 kwa sekunde. Gawanya kwa milioni 433, unapata mita 0.69. Robo yake ni sentimita 17.3: huo ndio urefu wa waya wa antena. Antena zote mbili zisimame wima, juu, mbali na bati. Moduli ya kutuma isiwashwe kamwe bila antena. Kabla ya kununua, ulizeni TCRA ni masafa gani na nguvu kiasi gani vinaruhusiwa bila leseni.

Kimya si habari njema

Nabii Ezekieli, sura ya 33, anasema juu ya mlinzi aliyeona hatari asipige tarumbeta. Kifaa kinachotuma ujumbe pale tu tenki linapokauka kinaweza kuwa mlinzi wa namna hiyo. Betri ikifa, kinanyamaza, na mwendesha pampu anadhani mambo ni shwari. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa hiyo kifaa kitume kila dakika 10, hata kama hakuna jipya: nipo, tenki liko hivi, betri ina volti kadhaa. Zikipita dakika 30 bila ujumbe, cha bondeni kipige kengele. Ni mistari michache tu ya programu, lakini ndiyo inayofanya kifaa kiaminike.

Fundisho kutoka Kyuso

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya majaribio ya vitumaji katika pampu za mkono 66 huko Kyuso, Kitui, nchini Kenya. Kifaa ndani ya mpini kilihesabu mwendo wake na kutuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu iliyoharibika, iliyokuwa ikikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa, sasa ilitengenezwa kwa chini ya siku 3.

Lakini tuangalie vizuri. Kifaa hakikufungua nati hata moja. Palikuwa na mafundi waliopokea habari na kwenda na vipuri. Ujumbe usio na mtu wa kuupokea ni kelele tu. Mfadhili anayechangia moduli mbili achangie pia betri ya akiba na nauli ya fundi. Na tenki la kijiji lisiguswe kabla ya kushauriana na RUWASA, iliyoundwa mwaka 2019, pamoja na chombo cha watumia maji cha eneo husika.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mradi wetu, habari gani huchelewa, na nani huumia?
2. Kengele ikilia saa nane usiku, nani ataamka?
3. Kijana aliyetengeneza kifaa akienda chuo, nani mwingine anajua kukirekebisha?
4. Betri ya pili itanunuliwa kwa fedha ipi?