Somo: Nyumba Ikijengwa Upya, Jamaa Isigonjwe



Wakati wa kiangazi hapa Kamina, watu wengi wanafyatua matofali, wanabomoa ukuta wa zamani, wanaondoa majani ya paa na kutia manjanja. Nyumba mupya ni jambo la furaha. Lakini kazi inadumu majuma mengi, na vyombo, maji na malalo vyote vinatoka mahali pake. Hapo ugonjwa unapata mulango. Ukuta ubomoke; utaratibu wako, mama, usibomoke.

1. Kulala. Mbele ya kazi kuanza, sikilizana na baba wa watoto na fundi: chumba gani kitabomolewa mwisho? Mulale humo. Kama munalala barazani, funga chandarua kwa miti mine, uingize pembe zake chini ya mukeka. Usiache hata usiku mumoja. Mama mwenye mimba na watoto wadogo ndio wa kwanza kulala ndani yake.

2. Moto. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 kuna baridi. Usiingize mbabula chumbani. Makala yanatoa hewa yenye kuua, isiyo na harufu. Watu wanalala, hawaamki tena. Ongeza blanketi.

3. Maji. Maji ya udongo na maji ya kunywa yasichanganyike. Ndoo ya fundi isiingie katika maji ya kunywa. Funika chombo chako. Mutoto akiharisha, mupe maji safi litre 1 yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kisha mulete kwetu.

4. Shimo la matofali. Mvua ikirudi, shimo linajaa. Yai la mbu linakuwa mbu muzima kwa siku 7 mupaka 14. Tena mutoto anaweza kuzama humo. Lijaze udongo na vipande vya matofali mbele ya mvua. Kama kazi haijaisha, lizungushie miti.

Mutoto akipata homa, usiseme, "Tungoje fundi amalize." Ukuta unaweza kungoja, malaria haingoji. Mulete siku ile ile.

Maswali
Kwako, chumba gani kitabomolewa mwisho?
Nani atajaza shimo, na siku gani?
Usiku wa leo chandarua kitafungwa wapi?