Wafanyakazi Bora Huvutiwa na Nini?

Ikiwa umeajiri watu, huenda umewahi kujiuliza kwa nini mpishi wako hodari aliondoka msimu wa wageni ulipokaribia. Wengi husema ni mshahara. Mimi, ninayewatibu wapishi na madobi wa hoteli za Diani, husikia mengine pia: jiko lisilopitisha hewa, maji ya kunywa ya kuomba, choo kimoja kwa zamu nzima. Habari hizo hufika Ukunda na Msambweni kabla ya tangazo lako la kazi.

Chukua maji peke yake. Anayetokwa na jasho saa nane bila kunywa huumwa na kichwa, hufanya makosa, na figo zake hudhurika. Huko Nicaragua na El Salvador wakata miwa wengi wameharibikiwa na figo, na joto la kazini linashukiwa sana. Walikopelekewa maji, kivuli na mapumziko, madhara yalipungua. Nasi Kwale tunalima miwa, na jua letu si la mchezo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha. Sheria ya Afya ya 2017 inataka pawepo chumba cha kunyonyeshea. Mhudumu akikipata, hurudi baada ya kujifungua, tena huja na dadake kuomba kazi.

Nawe unayetafuta kazi, siku ya mahojiano omba kuonyeshwa choo cha wafanyakazi. Nimewashauri hivyo wagonjwa wangu kadhaa, na mameneja wawili wameshanilaumu.