Asiyefunzwa na Mamaye: Ujamiishaji na Ukuaji wa Mtu katika Ukanda wa Dhahabu



Mpendwa msomaji, wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wengi wetu tumeizoea methali hii kama onyo kwa mtoto mkaidi. Katika somo hili tunaitazama kwa upande mwingine. Kwa mtoto wa Geita, Kahama au Shinyanga vijijini, ulimwengu huo una majina: duara, mwalo, karasha. Nao haumfunzi mtoto peke yake. Humfunza kijana, mtu mzima na hata mzee.

1. Maana ya ujamiishaji

Ujamiishaji ni njia ambayo mtu hujifunza lugha, imani, desturi na wajibu wa jamii yake, hata akavifanya kuwa vyake. Mwanasosholojia wa Marekani, Charles Horton Cooley, alieleza mwaka 1902 kwamba wenzetu ni kioo chetu: jinsi tunavyodhani wanatuona, ndivyo tunavyoanza kujiona. Naye Erik Erikson aliyagawa maisha katika hatua nane, tangu uchanga hadi uzee, kila hatua ikiwa na mtihani wake. Kwa hiyo malezi hayakomi mtu anapooa au kupata kazi.

2. Utoto

Katika kaya ya Wasukuma, shikome, yaani moto wa jioni, ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya mvulana. Hapo alisikia habari za ukoo, mifugo na adabu kutoka kwa baba na babu. Binti naye alijifunza kwa mama na bibi, na asubuhi alipiga goti kuwaamkia wakubwa: “Mwangaluka.” Hakuna aliyeita hayo kipindi cha maadili, lakini yalikuwa hayo hasa.

Mtoto anayekulia mwaloni hujifunza mengine: kuponda mawe, kuosha mchanga, hata kushika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto ambaye bado anakua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari. Hata hivyo, sheria haibebi mtoto mgongoni. Mama aliyekwenda naye mwaloni huenda hakuwa na wa kumwachia.

3. Ujana

Zamani kijana alipata rika lake katika kilimo cha pamoja na katika vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyoshindana baada ya mavuno. Humo alijifunza kushinda bila kudharau na kushindwa bila kulipiza. Leo habari za rashi mpya zikivuma, kijana huondoka usiku, na rika lake linakuwa watu aliokutana nao jana.

Kwa binti, kioo kinaweza kuwa ng'ombe wa mahari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Lakini binti anayesikia kila siku akihesabiwa kwa ng'ombe amekwisha kufundishwa thamani yake kabla hakimu hajafungua kinywa.

4. Utu uzima

Mtu mzima anayefika machimboni huanza kulelewa upya. Tusiseme kwamba hujifunza mabaya tu. Aliye chini ya duara ameweka uhai wake mikononi mwa aliyeshika kamba juu. Huo ni uaminifu ambao parokia nyingi zingeutamani. Mgao wa mifuko ya mawe nao una kanuni zake. Lakini humo humo wengine hufundishwa kwamba dhahabu haitoki bila mganga. Mafundisho ya namna hiyo yamegharimu maisha ya ndugu zetu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa.

5. Uzee

Bibi aliyepikia familia kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka mingi hupata macho mekundu kwa moshi. Katika maeneo yetu, macho hayo yamewahi kutosha kumwita mchawi, na wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Hapa kioo cha Cooley kinatisha: alama ya upendo wake inasomwa kama alama ya uovu. Na mjukuu anayesikiliza anajifunza namna ya kumtazama mzee.

6. Wajibu wetu kichungaji

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Maana yake si kuwaachia mzigo peke yao. Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kupanga zamu ya kuwatunza watoto wakati mama wako mwaloni. Inaweza kusali saa ambayo wachimbaji wametoka duarani. Inaweza kuipeleka sala nyumbani kwa bibi anayenong'onwa, ili kijiji kizima kione waamini wakiketi naye.

Tunasema pia samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini Nikodemo alikuwa mtu mzima alipomwendea Yesu usiku, na Yesu hakumwambia kwamba amechelewa. Basi tusimkatie tamaa yeyote, wala tusidhani kwamba aliyebatizwa utotoni amemaliza kulelewa.

Maswali ya kutafakari

1. Katika kigango chako, nani huketi na watoto jioni?
2. Je, mchimbaji mgeni akifika Jumapili, nani humwuliza jina?
3. Ni mzee gani ambaye jumuiya yako haijamtembelea mwaka huu, na kwa nini?