Kasa na Joto la Mchanga

Wenzetu wengi wakisikia kwamba hali ya hewa ya ulimwengu yabadilika, hudhani kuwa khabari hiyo ni ya nchi za barafu. Leo twapenda kuwaonyesha kwamba imo hata katika mchanga wa pwani, palipo na mayai ya kasa.

Kasa jike hupanda ufuoni usiku, akachimba shimo, akataga mayai kiasi cha mia moja, akayafukia, kisha akarudi baharini asiyatazame tena. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Na jambo la ajabu ni hili: siku litagwapo, yai halijawa dume wala jike. Kinachokata shauri ni joto la mchanga. Likiwa karibu na nyuzi 29 za Selsiasi, hutoka madume na majike pia. Likishuka, huzidi madume. Likipanda, huzidi majike. Likipita nyuzi 33 kwa siku nyingi, mayai mengi hufa.

Je, hayo ni maneno ya vitabuni tu? La. Mwaka 2018 wataalamu walieleza khabari za kasa waliozaliwa kaskazini mwa mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia. Katika wakubwa, majike walikuwa 87 katika kila 100. Katika wachanga, 99.

Mtu atauliza: mbona kasa asihamie penye baridi? Wengine wahama. Katika Bahari ya Mediterania, kasa waliozoea kutaga Ugiriki, Uturuki na Kupro sasa waonekana Italia na Uhispania kuliko zamani. Walakini uhamaji huo ni wa polepole, maana jike hurudi kutaga pande zile alikozaliwa, naye hapevuki ila baada ya miaka ishirini na zaidi.

Hapa kwetu kasa hutaga Kiunga, Watamu na Diani. Nasi (tusiwasingizie wageni peke yao) twakata miti iliyokuwa ikiutia mchanga kivuli, na twajenga kuta za mawe juu ya ufuo. Bahari nayo yapanda; kasa akisogea juu kutafuta mchanga mkavu, hukuta ukuta. Jike atakayeanguliwa Watamu mwaka huu huenda asirudi kutaga kabla ya miaka ya 2040.