SOMO LA AFYA: Kupima Makovu ya Ini Bila Sindano



Wengi wenu mmekulia kando ya maji: Uvira, Baraka, bonde la mto Rusizi, au mitaa ya Bujumbura iliyo karibu na ziwa. Maji hayo hutupatia ndagala na mukeke, lakini pia yana konokono wanaoeneza kichocho, na kichocho huharibu ini. Somo hili linaeleza jinsi ini linavyopimwa, na ni kwa kiasi gani tuyaamini majibu. Ni jambo la maana, kwa sababu jibu likieleweka vibaya mtu anaweza kuacha dawa inayomfaa, au kukata tamaa bure.

1. Kovu la ini ni nini?

Ini likiumizwa kwa muda mrefu hujenga nyama ngumu, kama ngozi inavyoweka kovu baada ya jeraha. Katika nchi zetu visababishi vikubwa ni virusi vya homa ya ini aina ya B na C, kichocho cha tumbo, na pombe. Mgonjwa anaweza kukaa miaka mingi bila kusikia maumivu.

Makovu hayafanani yote. Kwa mwenye kichocho, mayai ya minyoo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, hukwama, na kovu hujengeka kuzunguka mishipa ya damu. Kwa mwenye virusi vya B, kovu huenea katika nyama ya ini yenyewe. Tofauti hii ndiyo inayofanya kipimo kimoja kisitoshe.

2. Vipimo vilivyopo

(a) Sindano ya ini. Daktari hutoa kipande kidogo cha ini na kukichunguza kwa hadubini. Vipimo vingine vyote vililinganishwa na hiki. Lakini kinaweza kusababisha kutokwa na damu ndani, na kinahitaji hospitali kubwa. Hakifai kwa watu wengi wa vijijini.

(b) Hesabu ya damu. Hesabu inayotumika sana huitwa APRI. Ilitungwa Marekani mwaka 2003 kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C. Maabara hupima vitu viwili: kimeng'enya kiitwacho AST, ambacho huongezeka ini likiumia, na chembe zinazogandisha damu, ambazo hupungua kovu likizidi.

(c) Mashine ya kupima ugumu. Husukuma mtikisiko mdogo juu ya mbavu. Ini gumu hupitisha mtikisiko upesi zaidi. Haiumi.

(d) Ekografia, yaani altrasaundi. Huonyesha picha ya ini, bandama na mishipa.

3. Kwa nini vipimo hukosea?

Tuchukue mfano wa hesabu ya damu. Mtu ana AST 40, na kiwango cha juu cha kawaida katika maabara ile ni 40. Chembe zake za kugandisha damu ni 250 (maabara huhesabu kwa maelfu). Tunagawa 40 kwa 40, tunapata 1. Tunagawa 1 kwa 250, kisha tunazidisha kwa 100. Jibu ni 0.4, yaani hakuna dalili ya kovu kubwa.

Wiki inayofuata mtu huyo anapata malaria, na chembe zinashuka hadi 80. Hata kama AST haikubadilika, jibu sasa ni 1.25. Ini ni lile lile, lakini karatasi inasema limeharibika sana.

Kosa la upande wa pili ni kupitwa na wagonjwa. Mvuvi akitumia wavu wenye matundu makubwa, ndagala wote watapita. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mwenye virusi vya B ahesabiwe kuwa na ini lililosinyaa akizidi 2. Tafiti za Afrika zilionyesha kwamba kiwango hicho kiliacha wagonjwa wengi nje ya matibabu. Mwaka 2024 Shirika lilikishusha hadi 1, na likaweka 0.5 kuwa dalili ya kovu linalostahili dawa.

Mashine ya ugumu nayo ina mipaka. Ukiwa umekula muda mfupi uliopita, au ini likiwa limevimba kwa ugonjwa mpya, namba hupanda bila kovu kuongezeka. Kwa kichocho, inaweza kutoa namba ndogo ingawa mishipa imezungukwa na makovu. Hapo ekografia husaidia zaidi. Lakini ekografia haioni vizuri kovu changa la virusi vya B.

4. Mfano wa Rakai, Uganda

Katika wilaya ya Rakai, watu wa vijijini walipimwa kwa mashine ya ugumu, na matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Kovu kubwa lilionekana kwa watu 17 katika kila 100 wenye virusi vya UKIMWI, na kwa 11 katika kila 100 wasio navyo. Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kovu la ini lipo vijijini hata kwa wanaojiona wazima. Pili, mashine inaweza kufika kijijini na kuwagundua mapema.

5. Ufanye nini?

- Usile kwa saa tatu kabla ya kupimwa ugumu wa ini.
- Mwambie muuguzi kama una homa, kama umeugua malaria karibuni, kama unakunywa pombe au dawa za miti shamba, na kama ulioga au kuvua ziwani.
- Uliza: «Nimepimwa kwa njia gani? Je, kuna kipimo cha pili?»
- Ukipimwa wakati wa malaria, omba kurudia baada ya kupona.
- Tunza karatasi za majibu. Ukihamishwa kambi, nenda nazo.
- Jibu zuri si ruhusa ya kuacha dawa. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho, na kovu linaweza kupungua, hasa kwa watoto.
- Jibu baya si hukumu ya kifo. Virusi vya B vina dawa za kuvizuia.

Nenda kituo cha afya mara moja ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa maji, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa. Hapo usingoje namba yoyote.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini malaria inaweza kubadili jibu la ini?
2. Ni kipimo gani kinachofaa zaidi kwa kovu la kichocho?
3. Jirani yako ameambiwa «ini ni zima» lakini ana virusi vya B. Utamshauri nini?

Asiyejua kusoma asomewe.